MAPROFESA WA SHERIA WANASEMA: NASI TUNATAKA KUSIKIA KWA LUGHA YETU

Maneno yaliyosemwa Baraka mbele ya wachimbaji wa Misisi na Lubichako na wenyeji wa mji



Tumewaita juu ya jambo ambalo wengine watasema si la watu wa shimo. Tunataka kusema juu ya maprofesa wa sheria, wale mabwana wenye kufundisha katika vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani na Bukavu. Katika miaka hii wameandika vitabu vingi, na sauti zao zinasikika katika redio asubuhi na jioni. Mchimbaji anaporudi kutoka shimoni, akiwasha redio yake ndogo, anamkuta profesa mmoja anasema Katiba inaweza kubadilishwa, na mwingine anasema haiwezi. Wote wawili wanataja namba za vifungu, wote wawili wanasema Kifaransa kizuri sana. Mchimbaji anazima redio ili asimalize betri, analala.

Sisi tunasema asizime. Ila kwanza tuelezane wanagombania nini.

Katiba ya nchi yetu ilipigiwa kura ya wananchi wote Desemba 2005, ikatiwa sahihi tarehe 18 Februari 2006. Wengi wenu hapa mlipiga kura ile. Ndani yake mna kifungu cha 220, nacho ni kama kufuli. Kinasema kuna mambo ambayo hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuyageuza: nchi iwe jamhuri, kura iwe ya watu wote, majaji wawe huru, vyama vya siasa na vya wafanyakazi viwe vingi, tena hesabu ya vipindi vya rais na urefu wake visiguswe. Kifungu cha 70 kinasema rais anachaguliwa kwa miaka 5, naye anaweza kurudia mara moja tu. Kufuli lenyewe ndilo hilo.

Sasa angalieni mambo yalivyokwenda. Mwaka 2013, wakati wa Rais Joseph Kabila, Profesa Évariste Boshab alitoa kitabu kikubwa juu ya kuigeuza Katiba. Bwana huyu ni mwalimu wa sheria, lakini siku zile alikuwa pia katibu mkuu wa chama cha rais, na kabla ya hapo alikuwa mkubwa wa Baraza la Taifa. Watu walipoona jina la kitabu hawakungoja kukisoma. Walielewa kwamba njia inasafishwa ili mtu fulani apite. Maprofesa wengine wakasimama kumpinga. Aliyesikika sana ni Profesa André Mbata, mwalimu wa sheria ya katiba, ambaye alifundisha Kinshasa na Afrika Kusini. Aliandika, alisema katika redio, alizunguka katika mikutano, akishikilia kwamba kufuli la 220 lisiguswe. Vijana wengi wa vyuo walimpenda kwa hiyo.

Kisha mwaka 2016 Korti ya Katiba ikasema, tarehe 11 Mei, kwamba rais anabaki kitini mpaka mwingine aliyechaguliwa aingie. Kipindi cha Kabila kiliisha Desemba 2016. Uchaguzi ukafanyika Desemba 2018. Miaka miwili ilipatikana bila kugusa hata herufi moja ya Katiba. Hapo tulijifunza kwamba kufuli linaweza kubaki mlangoni salama na mtu akapita dirishani.

Zamu ikageuka. Profesa Mbata akaingia Baraza la Taifa, na mwaka 2022 akawa naibu wa kwanza wa mkubwa wa Baraza hilo, upande wa Rais Félix Tshisekedi. Na tarehe 23 Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Tshisekedi akasema mbele ya watu kwamba nchi inahitaji Katiba nyingine, na kwamba ataweka tume ya kuitazama. Redio zikawaka moto. Na nani sasa alisimama kulinda kifungu cha 220? Watu wa kambi ya Kabila! Na nani aliyesema Katiba si Biblia wala Kurani? Watu wa kambi ileile ambayo zamani iliandamana barabarani kuilinda. Kambi zimebadilishana viti, lakini kifungu hakikusogea hata kidogo. Maneno ni yaleyale, kurasa ni zilezile.

Hatusemi haya ili tumcheke profesa yeyote. Mwalimu ana haki ya kuingia siasa kama mwashi au mvuvi. Tena inawezekana kabisa mtu mwenye akili afikiri leo tofauti na jana. Hata sisi hatukusimama palepale tuliposimama miaka 10 iliyopita. Lakini mtu anayesema katika redio kwa jina la elimu, inafaa aseme pia ameketi kiti gani. Mnunuzi wa dhahabu akija Misisi na mzani wake, hamumuulizi kwanza mzani ni wa nani? Basi na profesa aulizwe hivyohivyo, kwa heshima. Bwana Profesa, unasema kama mwalimu au kama mtu wa chama? Na mwaka 2013, au mwaka 2016, ulisema nini juu ya kifungu hikihiki?

Wako walimu waliolipa bei ya elimu yao. Wazee wanalikumbuka jina la Marcel Lihau. Alikuwa katika Wakongo wa kwanza kabisa kupata elimu ya juu ya sheria, akafundisha Lovanium, na mkono wake ulifanya kazi katika Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964. (Katiba ile ilipigiwa kura Juni na Julai ya mwaka ule; lakini huku kwetu vita ya Soumialot ilikuwa imekwisha kufika, kwa hiyo wazee wetu wengi wa Fizi waliisikia kwa mbali tu.) Mwaka 1968 Lihau akawa mkubwa wa kwanza wa Korti Kuu ya nchi. Mwaka 1975 Mobutu alitaka wanafunzi walioandamana waadhibiwe kwa ukali. Lihau hakukubali kuwa chombo cha kazi hiyo, akatolewa kitini. Baadaye alikuwa pamoja na wale walioanzisha chama cha upinzani, mwisho akakimbilia Marekani, akafa huko mwaka 1999. Hatuwezi kumwomba kila profesa awe Lihau. Lakini ni vizuri kujua kwamba kipimo kipo, na kwamba kipimo hicho ni Mkongo.

Haya. Sasa tuje kwenye jambo letu hasa, kwa maana habari za kufuli la rais zinaweza kumfanya mtu wa Misisi aseme: Ugomvi wa wakubwa huo, mimi unanihusu nini?

Katika Katiba hiyohiyo kuna vifungu viwili ambavyo sisi hatujasikia maprofesa wakivigombania katika redio. Cha kwanza ni cha 62. Kinasema hakuna mtu anayeruhusiwa kujitetea kwamba hakujua sheria. Ukikamatwa huku hujui, umekamatwa. Cha pili ni cha 142. Hicho kinaagiza serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, maana yake Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba, katika muda wa siku 60 tangu sheria kutiwa sahihi. Siku 60, ndugu zetu! Hilo si ombi la watu maskini. Ni amri ya Katiba kwa serikali.

Wekeni vifungu hivi viwili pamoja, kama mtu anayeweka mawe mawili kwenye mzani. Upande mmoja raia anadaiwa kujua. Upande wa pili serikali inadaiwa kumjulisha. Deni la raia linalipwa kila siku, kwenye barieri, kwenye kasho, kwenye ofisi ya tume ya hiki na tume ya kile. Na deni la serikali je?

Tuchukue mfano wa kazi yenu. Sheria ya Madini, ile inayoitwa Kode, ilitolewa tarehe 11 Julai 2002, ikageuzwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Hesabuni siku 60 kutoka hapo: mnafika tarehe 8 Mei 2018. Tunawauliza, mbele ya watu wote: nani hapa aliletewa sheria ile kwa Kiswahili siku hiyo, au mwezi ule, au mwaka ule? Tunaona mikono haiinuki.

Na humo ndani mna mambo yenu. Sheria inasema mchimbaji wa mkono lazima awe Mkongo mtu mzima, awe na karte, awe ndani ya koperative iliyokubaliwa, tena achimbe katika eneo lililotengwa na serikali kwa uchimbaji wa mkono. Asiyejua hayo ndiye anayelipa karte ya uongo kwa mtu mwenye kofia. Anayejua anauliza: Karte hii imetiwa sahihi na nani, na ni ya mwaka gani? Swali moja tu, na franga zako zinabaki mfukoni.

Sheria ile pia imeweka ada ambayo kampuni yenye kibali inalipa kwa madini inayouza. Wenye ofisi wanaiita redevansi. Kwa dhahabu ni 3.5 kwa mia. Tufanye hesabu ya shule. Kampuni imeuza dhahabu ya dola 1,000,000. Ada ni dola 35,000. Nusu, yaani 17,500, inakwenda serikali ya Kinshasa. Robo, yaani 8,750, inakwenda jimbo. Kisha 15 kwa mia, maana yake dola 5,250, ni ya sekta au shefferi ambamo shimo limo. Zinazobaki, 3,500, ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Mbali na hayo, kampuni inadaiwa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Katika mfano wetu ni dola 3,000.

Fizi ina sekta nne: Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja. Mtu wa Ngandja akijua namba hii ya 15, siku kampuni yenye kibali inapofanya kazi katika ardhi yake anaweza kwenda kwa mkubwa wa sekta na kuuliza kwa adabu: Mkubwa, fungu letu ni kiasi gani, na limejenga nini? Asipoijua atashukuru kwa mabati 20 ya shule kana kwamba ni zawadi. Hapo ndipo elimu ya profesa inapogeuka kuwa chakula, au inabaki kabatini.

Hatuwezi kusema maprofesa wa upande wetu wamelala. Pale Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki kina kituo kinachochunguza mambo ya migodi, na watu wake wameingia mashimoni Kivu ya Kusini na kuandika waliyoyaona. Profesa Séverin Mugangu wa chuo hichohicho ameandika sana juu ya ardhi. Jambo la ardhi tulieleze kidogo, kwa kuwa mama zetu wa mashamba wako hapa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Juu ya ardhi ya mila, ile tuliyoachiwa na babu zetu, ilisema rais atatoa amri ya kueleza haki za wenyeji. Miaka zaidi ya 40 ikapita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mama analima shamba la babu yake huku karatasi haimtambui vizuri, na siku dhahabu inapoonekana chini ya mihogo yake, mwenye karatasi anamshinda. Walimu wa sheria waliliona tundu hili zamani, wakaliandika. Kazi nzuri, tunawashukuru. Lakini waliliandika wapi? Katika vitabu vya Kifaransa vinavyochapwa Ubelgiji na Ufaransa, na bei ya kimoja mchimbaji hawezi kuilipa bila kukosa chakula cha siku nyingi. Kisha mwaka 2025 vita ikafika Bukavu yenyewe, na safari ya kwenda kumtafuta mwalimu ikawa ngumu kuliko kumsoma.

Kuna jambo lililotokea hapahapa kwetu, ambalo dunia nzima ya wanasheria inalijua. Usiku wa mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2011, wanajeshi waliingia nyumba za watu katika mji wa Fizi, wakawatendea mama zetu uovu ambao hatutaurudia kwa maneno mbele ya watoto. Mwezi uliofuata korti ya kijeshi inayotembea ilikuja Baraka. Mama 49 walisimama wakasema. Tarehe 21 Februari 2011 korti ilimhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Maofisa wengine watatu wakapata miaka 20 pia, na wanajeshi watano miaka 10 hadi 15. Mmoja aliachiliwa. Mwingine alikuwa mtoto kwa umri, akapelekwa kwenye korti ya watoto. Fidia kwa wale mama nayo iliamriwa.

Hukumu ile iliandikwa sana ng'ambo. Wasomi wa sheria waliijadili katika majarida yao, wakaitaja katika mikutano kama mfano wa korti ya nchi maskini iliyomfunga mkubwa wa jeshi ndani ya siku chache. Tunajivunia hayo, kwa sababu mama wa Fizi ndio walioifanya hukumu ile iwezekane, na si mtu mwingine. Lakini ni wangapi kati yao waliosoma ukurasa mmoja wa yaliyoandikwa juu yao? Na habari ya fidia, nani anaiuliza katika redio? Sisi tungependa kumsikia profesa mmoja akiligombania jambo hilo kwa ukali uleule anaogombania vipindi vya rais.

Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanatuonyesha kwamba inawezekana. Profesa Issa Shivji wa Dar es Salaam aliwekwa mkubwa wa tume ya ardhi ya Tanzania mwaka 1991. Tume ile ilizunguka mikoa, ikafanya mikutano ya hadhara mingi sana, wakulima wakasema kwa Kiswahili na profesa akasikiliza. Bwana huyu anaandika Kiingereza cha wasomi, lakini pia anaandika Kiswahili kwa watu wa kawaida, na elimu yake haikupungua kwa hiyo. Na mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kigoma iko ng'ambo ya ziwa hilihili. Je, Kiswahili kikivuka maji kinakuwa kidogo?

Basi tunayotaka ni haya, na tutayaandika katika barua kwenda kwa wakubwa wa vitivo vya sheria. Kila profesa anayesema Kifaransa saa nzima katika redio, atupe nusu saa ya Kiswahili. Redio Okapi tangu mwaka 2002 inasema kwa lugha zetu nne. Na redio za Baraka zina nafasi, hazina mwalimu. Wanafunzi wa sheria wanaorudi likizo Fizi wapewe kazi ya kusoma sheria pamoja na wazazi wao, na kazi hiyo ihesabiwe katika mitihani yao. Na anayeandika kitabu juu ya migodi yetu atoe kurasa 10 za Kiswahili zinazosema amekuta nini. Kurasa 10 si nyingi kwa mtu aliyeandika 400.

Na juu ya Katiba, ikiwa itabadilishwa au haitabadilishwa, tunasema hivi: kwanza tuisome hii tuliyo nayo. Ikija kura ya wananchi siku moja, watatuletea karatasi yenye ndiyo na hapana. Asiyejua kilichomo ndani ya ya zamani atajuaje amenyang'anywa nini katika mpya? Kifungu cha 220 chenyewe kinakataza pia kupunguza haki za mtu na uwezo wa majimbo na wa sekta. Maprofesa wanalitaja neno hilo mbiombio wakikimbilia habari ya rais. Sisi wa sekta nne za Fizi tusilikimbie.

Hatutangoja barua ijibiwe. Jumapili ijayo, baada ya misa na ibada, tutakutana tena hapahapa, na ndugu zetu Waislamu wanaokaribishwa wachague saa isiyogongana na sala. Tutaanza na kifungu cha 18, kile kinachosema mtu aliyekamatwa aelezwe sababu papo hapo katika lugha anayoielewa, kwamba ana haki ya kuwasiliana na jamaa zake au wakili wake mara moja, na kwamba kukaa kwake mikononi mwa polisi kusipite saa 48. Baada yake cha 28, juu ya amri ambayo kwa wazi ni kinyume cha sheria, kwamba hakuna anayelazimika kuifuata. Tuna kijana wa mwaka wa tatu wa sheria ambaye amekubali kusoma, na mzee mmoja mwalimu wa zamani atakayesahihisha Kiswahili chake. Wa Misisi ambao safari ni ndefu kwao watume wawili kwa kila koperative. Mwenye nakala ya Katiba au ya Kode, hata iliyochanika, aje nayo. Pedeje wa mashimo mnaombwa kuwaachia vijana wenu siku hiyo bila kuwakata fungu lao. Na mwenye taa nzuri ailete, maana vifungu ni vingi na herufi ni ndogo.